Moto Unaotia Baridi

Januari 6, Jumatatu

Jina langu Shee bin Athmani, wa Mtongwe, Likoni. Nimetimiza miaka sabini na tisa, na asiyeamini na aje tushindane kubeba gunia. Kaka zangu wote nimewazika. Kiwanda cha barafu nilichoanzia kazi kimekufa, mimi nipo. Boila tatu zimechakaa mikononi mwangu, mimi nipo. Na yule bosi aliyesema mapafu yangu hayafiki mwaka wa pili, nililibeba jeneza lake, tena upande wa mbele. Kuandika nimejifunza ukubwani, darasa la gumbaru, kwa hivyo atakayeziona herufi zimelala asidhani nimelewa.

Naandika kwa sababu mke wangu, Mwanamkasi, amelazwa leo. Kila magharibi yeye ndiye niliyekuwa namsimulia ya mchana, akinikatiza. Sasa nasimulia na hapana wa kunikatiza. Si jambo zuri.

Moyo wake umevimba. Daktari Sharif amesema moyo ule hauwezi joto la kaskazi, akamtia chumba cha baridi. Chumba hicho kiko kituoni kwake, huku kwetu karibu na Shelly Beach, na baridi yake naitengeneza mimi. Mimi ndiye mwenye moto.

Januari 7

Watu hucheka nikisema natengeneza baridi kwa moto. Ngowa, anayetuletea vifuu vya nazi kwa mkokoteni, haamini mpaka leo. Leo kaniambia, "Mzee Shee, kama moto waleta baridi, mbona Jehanamu hawagawi mablanketi?" Nimemwambia akaulize kanisani kwake.

Ni hivi. Ndani ya lile pipa refu mmetolewa hewa yote. Upande mmoja muna maji matamu, upande mwengine maji ya chumvi ya dawa. Ile chumvi ina kiu. Huyanywa yale maji matamu yakiwa mvuke, na maji yakinyang'anywa mvuke wake hupoa, kama upoavyo wewe ukitoka kuoga upepo ukikupiga. Hayo maji yaliyopoa ndiyo yanayotembea kwenye mabomba ya chumba cha wagonjwa. Chumvi ikishiba, moto wangu huichemsha ikayatapika yale maji, ikarudi na kiu yake. Basi. Umeme ni wa kuzungusha pampu tu. Fundi aliyeuleta mtambo huu alinifundisha kwa siku moja, nikaelewa kabla hajamaliza chai.

Januari 12

Joto. Vifuu vimekuja vibichi, vinafuka moshi. Mwanamkasi amekula uji nusu kikombe.

Januari 15

Jambo moja sijamwambia mtu. Kutoka chumba cha boila nasikia ndara za nesi ukumbini. Zikielekea upande wa wazazi, kwa wanaojifungua, salama. Zikija upande wangu, nashika koleo nikangoja. Leo zimekuja mara mbili. Mara ya kwanza alitaka ufunguo. Mara ya pili alitaka ufunguo mwengine.

Januari 23

Daktari Sharif ameniita. Asema chumba cha baridi kinamla: vifuu, maji, mafundi. Gharama isiposhuka kabla ya masika, atakifunga na mtambo atauuza. Nikamuuliza, na waliolala mle? Akasema watarudi makwao. Nyumba yangu ni ya bati. Saa ya adhuhuri hata paka hutoka nje.

Kwa hiyo ameleta fundi. Msichana wa bara, Winfred, suruali na viatu vya kufunga kamba. Shikamoo alitoa, sikatai. Akashika bomba moja moja kwa kiganja, kama anayepima homa. Kisha akasema, "Mzee, moto wako ni mzuri. Shida haiko kwa moto."

Nusu ya kwanza niliipokea. Nusu ya pili ilinikera.

Asema shida iko juu ya paa, kwenye mnara unaopoza maji ya mtambo. Tunautilia maji ya kisima, nayo yana chumvi, yamejenga magamba meupe ndani ya mabomba. "Joto linaloingia lazima litoke, mzee. Likikosa pa kutokea, mtambo unachoka." Ataosha mabomba, ataweka tangi la maji ya mvua, na juu ya paa atatandika mabomba meusi ya kupasha maji kwa jua kabla hayajafika kwangu. "Moto utapungua sana," asema, na huku acheka.

Moto ukipungua baridi itapungua. Hilo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Nimemwambia hivyo. Akasema, "Tutaona, baba." Baba yake si mimi.

Februari 2

Kitanda cha dirishani kimekunjwa godoro. Aliyekilalia alikuwa bi mmoja wa Mishomoroni, mwenye hina mpaka kwenye vifundo. Jana aliniombea dua nilipopita. Nesi asema ni umri wake. Mimi ni mkubwa kuliko yeye.

Mwanamkasi yuko kitanda cha mlangoni. Nimewaambia wasimsogeze dirishani hata kukiwa na nafasi. Hawakuniuliza sababu, na mimi singewaambia.

Februari 5

Mwanarehema amekuja na ndoo zake asubuhi, kama kila siku. Yeye ndiye mkandaji wa wazazi hapa kituoni. Mwanamke akishajifungua, Mwanarehema humkanda kwa maji moto na kitambaa, tumbo na kiuno, mpaka mwili urudi mahali pake. Maji huyachota kwangu. Sharif alisoma ng'ambo lakini desturi hii hakuigusa, kwa kuwa mamake mwenyewe angemtia adabu.

Leo aliniona nimesimama nasikiliza ukumbini. "Mzee Shee, waogopa nini?"

"Mimi? Sijazaliwa na kitu cha kuogopa."

"Haya. Basi nitilie maji, na mkono usitetemeke."

Februari 14

Winfred ameweka alama kwenye kipimo cha joto cha boila. Alimwomba Mwanaima, binti yangu anayemuuguza mama yake, rangi ya kucha, akachora mstari mwekundu juu ya kioo. "Mshale usivuke hapa, mzee. Ile chumvi ukiikausha kupita kiasi, siku moja itaganda ndani iwe jiwe, na pampu haitaweza kuisukuma."

Nimetia moto tangu mamake hajazaliwa. Sasa napangiwa mwisho wangu kwa rangi ya kucha.

Februari 15

Mshale chini ya mstari. Chumba si baridi, si joto. Mwanamkasi atoa jasho juu ya mdomo.

Februari 21

Jasho.

Februari 26

Nimeingia kumuona mchana, watu wakiwa wamelala. Aliniambia nikae. Nikakaa ukingoni. Alipumua mara nyingi kabla ya kusema neno moja, na neno lenyewe lilikuwa, "Umekula?" Nikamwambia nimekula. Akasema mwongo wee, nguo zimekupwaya. Kisha akafumba macho.

Kwa miaka yote jikoni kwake neno lake kwangu lilikuwa moja: punguza moto. Nikichochea chini ya sufuria ya pilau, punguza moto. Nikipasha maziwa, Shee, punguza moto. Mimi sijawahi kupunguza. Pilau iliungua mara ngapi, na mara zote nilisema sufuria ni nyembamba.

Machi 2, Jumapili

Ramadhani imeingia. Mwanaima na Sharif wote wamenikataza kufunga, ati kwa umri na kazi ya moto. Nimefunga.

Machi 9

Winfred ameosha nusu ya mabomba ya mnara. Nusu nyengine angoja dawa. Mabomba meusi ya jua yamepanda paani lakini hayajaunganishwa, kuna viungo vinakosekana. Kila kitu nusu. Joto peke yake ndilo lililo kamili.

Machi 13

Ndara zimekuja upande wangu. Mdomo wa Mwanamkasi umekuwa na rangi ya zambarau. Wamemtia hewa ya mtungi. Mwanaima alilia nyuma ya tangi akidhani simuoni.

Nikamwendea Winfred. Nikasema, "Binti, niache nitie moto."

"Mzee, moto si dawa. Nipe wiki hii."

"Na yeye ana wiki hii?"

Akachukua spana, akapanda tena paani. 

Machi 18, Jumanne

Mkono wa kulia umefungwa kitambaa. Naandika polepole, futari bado.

Asubuhi Winfred alivuka feri kwenda kisiwani kutafuta viungo na dawa ya magamba. Aliniachia neno lile lile, mstari. Kufika adhuhuri hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Nilikwenda mpaka mlango wa chumba, nikatia kichwa. Mle ndani mulikuwa kama nje. Mwanaima alikuwa anampepea mamake kwa kipepeo cha ukili. Mwanamkasi alikuwa amefungua kinywa kama anayeita mtu, na sauti haitoki.

Nilirudi nikamwambia Ngowa amwage mkokoteni mzima mlangoni. Nilitia karai juu ya karai. Boila ikanguruma vile ilivyokuwa ikinguruma zamani. Mshale ulifika kwenye mstari, ukaugusa, ukavuka. Na naandika kwa haki, chumba kilipoa. Mwanaima alikuja mwenyewe kuniambia, "Baba, kumepoa, Alhamdulillahi." Nilimwambia Ngowa, unaona? Huyu msichana akirudi atakuta kazi imekwisha. Ngowa akasema, "Mzee, huo mshale umelewa." Nikamtilia karai jengine mbele ya macho yake.

Kisha umeme ukakatika.

Pampu zilinyamaza. Jenereta ilikataa, ikakataa tena, ikawaka kwa kuchelewa. Pampu zikarudi, lakini ile ya chumvi ilikuwa inakoroma kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, haisukumi. Nikashika bomba linalotoka kwenye pipa la kuchemshia. Mwanzo lilikuwa la moto wa kutoa ngozi, na hapo ndipo mkono wangu ulipoungua. Kiungo cha mbele yake kilikuwa poa. Hakuna kinachopita. Chumba kikaanza kupanda joto, na nikasikia ndara zinakimbia. Nesi huwa hakimbii.

Nilimpigia Winfred. Alikuwa kwenye foleni ya feri upande wa kisiwani, nasikia honi nyuma yake. Nikamwambia umeme umekatika, pampu imekwama.

Akauliza, "Mshale uko wapi?"

Nikasema, umeme umekatika.

"Mzee. Mshale uko wapi?"

Nikamwambia.

 Kisha akasema, sauti yake iko chini, "Toa moto. Wote. Saa hii. Chumvi imeganda. Usifunge pampu. Bomba lililopoa lipashwe joto polepole, liloe joto, mpaka ndani iyeyuke. Usiweke mwali hata wa kiberiti kwa bomba, kiungo kikipasuka hewa itaingia na hatutakuwa na mtambo tena. Maji moto na vitambaa. Polepole, baba. Umenisikia?"

Nilivuta moto nje kwa reki. Sijapata kuuua moto mchana maisha yangu yote. Makaa yalimwagika sakafuni mpaka miguuni mwa Ngowa, akaruka kama mbuzi. Kisha nikasimama. Maji moto yapo, vitambaa sina, na mikono yangu ilikuwa haishiki. Naliandika hili kwa sababu Mwanarehema aliliona, na Mwanarehema hanyamazi. Nilikuwa natetemeka mpaka meno.

Yeye alikuwa amekuja na ndoo zake za alasiri. Alitazama makaa, akanitazama. Nikamwambia bomba limeganda, linataka kukandwa kwa maji moto, polepole. Sikulichagua neno hilo, lilikuja lenyewe.

Mwanarehema akavua ushungi wa juu, akaufunga kiunoni. "Wapi panapouma?"

Nikamwonyesha. Akachovya kitambaa, akakamua, akakizungusha kwenye bomba, akakishikilia kwa viganja viwili, akaachia, akachovya tena. Hakuwa na haraka. Mimi nilitaka kumwaga ndoo nzima kwa mara moja, akanipiga mkono. "Huyu si pilau, Shee. Ukimuunguza juu, ndani abaki vile vile. Shika kile kitambaa cha pili. Nifuate mimi." Nikamfuata. Ngowa alikuwa analeta maji. Tulikanda tangu kiungo cha kwanza mpaka cha mwisho, tukarudi, tukaanza tena, na kila tukirudi nilikuwa nasikiliza ukumbini. Mwanarehema alikuwa akimsemesha yule mtambo, "Haya mama, taratibu mama, umezalishwa na mtu wa pupa, pole mama." Ngowa alicheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa namwomba Mungu nikitumia majina yote ninayoyajua, kisha nikaanza upya.

Ndara zilikuja mpaka mlangoni kwetu, zikasimama. Sikugeuka. Niliendelea kukanda. Nesi akasema, "Mzee Shee, mwanao auliza bado sana?" Nikamwambia bado kidogo. Sikujua kama ni kidogo.

Bomba lilitetemeka kwanza chini ya mkono wa Mwanarehema. Akasema, "Amestuka." Kisha pampu ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa, ikaanza kuvuta. Kiungo kile cha poa kikapata joto kiganjani mwangu kidogo kidogo. Nikakaa sakafuni, kwenye maji.

Winfred aliingia akikimbia, na mkoba wa viungo begani. Akashika bomba, akatazama kipimo, akatazama rundo la makaa sakafuni. Nilingoja anitukane. Alisema, "Tutawasha tena, moto mdogo. Mzee, wewe utawasha. Mimi nitasimama hapa."

Umeme ndio uliotuponza.

Machi 19

Nasahihisha neno la mwisho la jana. Umeme hukatika kila siku Likoni, na chumvi haijapata kuganda. Winfred amenieleza tena, kwa kijiti mchangani. Maji yenye chumvi nyingi, yakipoa ghafla, huwa mawe. Mimi ndiye niliyezidisha chumvi kwa kuyakausha. Mtu anayeanika maji ya bahari kwenye mashimo ya chumvi angejua hilo. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana nimeyaona mashimo ya chumvi yakikauka. Nilijua na sikujua.

Mwanamkasi yu hai. Apumua na mtungi. Sijaingia. Sina la kumwambia, na yeye akiniuliza nimekula sitaweza.

Machi 22

Winfred ameosha mabomba yaliyobaki. Yametoka magamba ya kujaza kindoo, nikayabeba mimi kuyatupa. Yalikuwa mazito kuliko nilivyodhani.

Machi 25

Mabomba ya jua yameunganishwa. Maji yanafika kwangu yakiwa moto tayari, namalizia tu. Vifuu vya siku moja sasa vinaingia kwenye magunia machache, hata Ngowa alalamika kuwa nimemnyima kazi. Mshale uko chini ya mstari, na chumba cha wagonjwa kimepoa kuliko siku nilipouvusha. Nimeingia mwenyewe kuhakikisha. Sikuelewa, kisha nikaelewa, kisha nikakasirika kidogo.

Bado naogopa. Moto mdogo wanitia hofu. Kila saa naufungulia mlango kuutazama kama mtu atazamavyo mtoto mgonjwa usingizini.

Machi 31, Jumatatu

Idd. Nilivaa kanzu nikasali, nikaja kazini na kanzu. Winfred aliletewa biriani na Mwanaima, akala mpaka akalegeza mkanda. Nimemwambia, "Fundi, kula." Alinitazama. Sijapata kumwita fundi kabla ya leo. Akaongeza kachumbari.

Sharif hajasema kama atafunga chumba. Apita akitazama magunia yaliyobaki, akiyahesabu.

Aprili 3

Mawingu. Jua halipo, mabomba ya paani hayafanyi kazi, nimerudishiwa moto wote. Mstari sikuuvuka. Niliukaribia.

Aprili 7

Mvua. Imeanza alfajiri, ya matone kama mawe juu ya bati, kisha ikatulia ikawa ya kumwagika. Tangi la Winfred limeanza kujaa maji ya paani. Nimeyaonja. Matamu. Mnara hautakula tena chumvi ya kisima.

Sharif alikuja na mwavuli akasema chumba kitabaki. Alimwambia Winfred, si mimi, lakini nilikuwa nimesimama karibu.

Baada ya adhuhuri nilikuwa peke yangu na moto. Kulikuwa na giza la mvua, na nilikuwa nimetia vifuu kidogo zaidi ya haki, kwa kuogopa mawingu. Mshale ulikuwa chini ya mstari, wa kuugusa. Nikasikia ndara. Zilitoka chumba cha baridi, zikapita upande wa wazazi, hazikuingia. Zikaja kwangu. Si mwendo wa nesi, ni mwendo wa Mwanaima, tena alikuwa anakwenda polepole. Mtu mwenye habari njema hukimbia, ndivyo nilivyojua siku zote. Nilishika koleo kwa mkono ule mbovu. Nikasema moyoni, sijamwambia kuwa mshale niliuvusha mimi. Nilikuwa na siku zote hizi na sijamwambia.

Mwanaima akasimama mlangoni, amejifunika shali.

"Baba."

Nikasema sema tu.

"Mama aona baridi. Asema, mwambieni Shee apunguze moto."

Nilimuuliza arudie. Akarudia. "Ameketi. Amejifunika mablanketi mawili. Asema umezidisha, kama kawaida yako."

Nikapunguza.

Haya yote ni kweli, na asiyeniamini mimi ana wa kuwauliza. Aanze kwa Winfred, fundi, aliyeuchora ule mstari na anayejua mshale ulifika wapi. Ngowa wa mkokoteni ana alama ya kaa la moto kwenye kiatu. Mwanarehema atawaeleza hata msipomuuliza, na atasema nilitetemeka. Hilo mwacheni alitie. Na kama hao hawatoshi, nendeni kitanda cha mlangoni mkamuulize Mwanamkasi binti Mwinyi, mke wangu, kama ni kweli leo ameniambia nipunguze moto, na kama ni kweli, kwa mara ya kwanza tangu anijue, nimemsikia.